Nusu ya Kushoto Iko Silanga

Saa nane mchana, mtaa wa Kongo, Kawangware. Kitheka Musembi ameketi juu ya mtungi wa mafuta uliopinduliwa, ameinamisha kichwa, na mkononi ana tupa. Krr, krr, krr. Anapiga mara chache, anapuliza unga wa alumini, anapitisha kidole gumba, anakunja uso. Kisha anaanza tena.

Gereji yake ni ya nyumbani kwelikweli. Ni mabati manne yaliyoegemezwa kwenye ukuta wa chumba anachoishi na mkewe, Wayua, na binti yao, Kamene. Kamba ya nguo za majirani inapita juu ya kichwa chake, na siku za kufua maji humdondokea shingoni. Halalamiki. Anasogeza tu injini upande mwingine.

Injini yenyewe si ya hizi boda za Kichina zilizoanza kumiminika mjini mwaka huu. Ni ya BSA, pikipiki ya Kiingereza ya silinda moja, ya miaka ya hamsini, ile iliyokuwa ikiendeshwa na mabwana mifugo na mapadre kabla wengi wetu hatujazaliwa. Wapita njia husimama, wakatazama, wakatikisa vichwa.

"Fundi, hii kitu itawaka kweli ama ni mapambo?" anauliza Kihara, mwenye ploti, akiwa njiani kudai kodi kwa wengine.

"Siku itawaka utasikia ukiwa kwako kitandani," Kitheka anamjibu bila kuinua macho.

Anaweka tupa chini. Anachukua vipande viwili vya alumini vilivyo mfano wa bakuli mbili, anaweka katikati krenki, mhimili wa chuma unaozunguka ndani ya injini, anavikutanisha na kukaza bolti moja baada ya nyingine. Anashika ncha ya krenki kwa kitambaa na kuizungusha. Inakwenda nusu mzunguko, inakwama. Anarudisha nyuma, anajaribu tena. Inakwama palepale.

"Umeona? Imekataa," anamwambia mwandishi. "Hii ya kulia ni yangu. Hii ya kushoto nimetoa soko la Gikomba. Hazijuani."

Hapo ndipo penye kisa, na msomaji asiyejua injini asiwe na hofu, kwa kuwa ni jambo jepesi. Chini ya injini ya namna hii kuna ganda linaloibeba krenki. Mafundi huliita krenkesi. Lina nusu mbili, ya kushoto na ya kulia, na kiwandani nusu hizo hutobolewa zikiwa zimefungwa pamoja. Ukiipoteza moja ukatafuta nyingine ya injini kama hiyohiyo, bolti zitaingia, lakini matundu ya beringi zinazoishika krenki hayatatazamana sawasawa. Krenki itabanwa.

Kitheka hakuipoteza nusu ya kushoto. Anajua iliko. Iko Silanga, Kibera, kwa mtu anayeitwa Boaz Wabwire, na kutoka hapa Kongo ni mwendo wa miguu ambao mtu anautembea asubuhi na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Tangu Januari, hajautembea.

Kitheka ana umri wa miaka hamsini na miwili. Alitoka Kitui akiwa kijana na akaishi Silanga, chini kule karibu na bwawa, kwa zaidi ya miaka kumi na tano. Ndiko alikokutana na Wabwire, fundi kutoka Busia, wakajenga kibanda kimoja cha kutengeneza pikipiki. Kitheka alikuwa na mkono wa chuma: kung'oa, kunyoosha, kukaza. Wabwire alikuwa na mkono mwepesi: vali, kabureta, na gasketi za kuziba mafuta yasivuje kati ya vyuma viwili, ambazo alizikata mwenyewe kwa kugongagonga karatasi na nyundo ndogo mpaka ikashika umbo.

"Mimi gasketi nikikata inatoka kama chapati ya mtoto," Kitheka anasema, na kwa mara ya kwanza anacheka. "Kazi ya gasketi ilikuwa ya Wabwire. Sikuwahi kujifunza. Ningejifunza ya nini na yeye yuko?"

BSA waliipata kwenye gereji iliyokuwa ikibomolewa huko Karen, wakaichangia na kuikokota kwa mkokoteni mpaka Silanga. Kila mmoja alikuwa na sababu yake. Kitheka alipokuwa mdogo, bwana mifugo alikuwa akifika kijijini kwao na mashine kama hiyo, na watoto waliisikia ikiwa bado ng'ambo ya mto. Wabwire naye, huko Busia, aliisikia kwa padre. Watoto wawili, pande mbili za nchi, mlio mmoja. Wakakubaliana kwamba itakapowaka wataipeleka Kitui, kisha Busia, wakipokezana kuendesha.

Walipoifungua injini, wakaweka sheria. Vibaka wa Silanga walikuwa wakiiba chochote cha alumini na kukiuza kwa kilo. Kwa hiyo kila jioni kila mmoja alikwenda nyumbani na nusu moja ya krenkesi: Kitheka ya kulia, Wabwire ya kushoto. Mwizi akiingia kwa mmoja, hakupata injini. Na asubuhi kila mmoja alileta nusu yake mwenyewe, kwa mkono wake. Hakutumwa mke, hakutumwa mtoto.

"Siku moja alikuwa na malaria, nikaenda kwake kuichukua ili niendelee na kazi," Kitheka anakumbuka. "Akanifukuza! Amelala pale anatetemeka na blanketi mbili, ananiambia, fundi, nusu haibebewi mtu. Nitakuja nikipona."

Kulikuwa na kipengele kimoja zaidi. Aliyechelewa kufika na nusu yake ndiye aliyenunua chai na mandazi ya siku hiyo.

Kisha ukaja uchaguzi wa Desemba. Hatuna haja ya kuueleza upya, tuliuona sote, na wengine wetu bado tunausikia mgongoni. Siku za mwanzo za vurugu Kibera, Kitheka hakuguswa. Wakamba kama yeye, anasema, walikuwa wamempigia kura mtu wao, mgombea wa tatu, na hakuna aliyewaona kuwa maadui. Aliendelea hata kwenda kibandani.

Wiki ya pili ya Januari, mtu huyo wa tatu akatangazwa kuwa na cheo kikubwa katika serikali ambayo majirani wa Kibera waliipinga. Habari ilitoka kwenye redio, na jioni hiyohiyo majirani wakaacha kumsalimia Kitheka. Wayua na Kamene walikuwa tayari wamekwenda Kongo kwa Kasiva, dada yake Kitheka. Kesho yake asubuhi Wabwire akagonga mlango.

"Hakusema maneno mengi. Aliniambia, fundi, toka sasa hivi," Kitheka anasimulia. "Nikashika begi. Akataka kunibebea, nikakataa, kwa sababu nusu yangu ilikuwa ndani. Hata siku hiyo! Watu wanachomewa nyumba na sisi bado tuko na sheria yetu."

Karibu na Makina wakakuta vijana wameziba njia kwa mawe. Wakauliza huyu ni nani. Wabwire akamshika Kitheka mkono na kuwajibu kwa Kiluhya kwamba ni shemeji yake, na kwamba ni kiziwi.

"Nikawa kiziwi kabisa. Mmoja alinipigia kelele sikioni, sikutikisika," anasema Kitheka. "Wabwire alinipeleka hivyo, mkono kwa mkono, mpaka Barabara ya Ngong. Akaniambia, kukitulia kila mtu alete nusu yake. Akarudi."

Kutoka ndani ya chumba, Wayua anaingilia. Anapiga pasi, na mlango uko wazi.

"Mwulize kwenye begi alibeba nini kingine."

Kitheka anajikuna kichwa.

"Mimi nilikuwa nimemwachia neno moja tu," Wayua anaendelea. "Lete cherehani. Hiyo cherehani ndiyo ilikuwa inamlipia Kamene shule. Nakaa hapa kwa Kasiva nangoja cherehani, naona mtu anaingia na injini. Na hata si injini, nusu! Na hako ka-krenki kake."

Anacheka, lakini pasi inagonga meza kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Siku hizi Wayua huvuka kwenda Lavington kuwafulia watu nguo. Mumewe, siku nzuri, hupata shilingi mia tatu kwa kuziba pancha na kusafisha kabureta. Silanga, wakiwa wawili, kila mmoja alikuwa akirudi nyumbani na mara mbili ya hizo.

Mwandishi anamwuliza Kitheka swali ambalo kila msomaji angeuliza. Mbona asiende kuichukua nusu ya pili?

"Tulikosana kidogo kwa simu," anajibu, na kushika tupa.

"Kidogo?" Wayua amesimama mlangoni sasa. "Baba Kamene, sema ulichosema. Ama niseme mimi?"

Kitheka anapuliza unga kwenye tupa. Anasema Wayua.

Siku chache baada ya Kitheka kufika Kongo, Wabwire alipiga simu. Habari zilikuwa mbaya. Nyumba ya Kitheka ilikuwa imevunjwa na mtu mwingine kuhamia, cherehani haikuwapo, na kibanda chao cha kazi kilikuwa kimeteketea. Wabwire alikuwa akiongea kwa sauti ya mtu aliyelia. Alimaliza kwa kusema kwamba nusu ya kushoto iko salama.

"Huyu bwana akamwambia, hao ni watu wenu," anasema Wayua. "Akamwambia, uza hiyo nusu kwa kilo, mkule pamoja. Nilikuwa nimeketi karibu naye, nilisikia kwa masikio yangu. Mtu aliyemtoa kwenye moto!"

Kitheka ametazama chini.

"Nilikuwa na uchungu wa cherehani," anasema. "Nikautupa kwa mtu ambaye hakuiba. Najuta, bwana. Kila nikishika hii tupa najuta."

Mwezi wa Juni alijaribu kupiga simu. Laini ya Wabwire haikupatikana. Akajiambia kwamba nusu iliuzwa zamani, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeagiza iuzwe, akaenda Gikomba kutafuta nyingine. Na hapo ndipo tulipomkuta.

Silanga siku ya Jumamosi ina vumbi la makaa na harufu ya sukuma wiki iliyokatwa sasa hivi. Ukiuliza Wabwire fundi wa pikipiki, watu husita. Ukiuliza Wabwire wa makaa, mtoto yeyote atakuonyesha.

Ni mtu mrefu, mwembamba, vidole vyeusi. Anapima makaa kwa mkebe pamoja na mkewe, Nasambu, na nyuma ya magunia yao imesimama fremu ya ile BSA, isiyo na magurudumu, rangi yote imeungua. Aliitoa kwenye majivu ya kibanda kwa mikono yake.

Anaposikia jina la Kitheka, anaacha mkebe.

"Yuko mzima?"

Yuko mzima.

"Na Mama Kamene? Na mtoto?"

Wote wazima. Wabwire anamaliza kumpimia mteja, anajifuta mikono, na kuingia ndani bila kuaga. Anatoka na bonge lililofungwa fulana. Analifungua taratibu juu ya gunia, na nusu ya kushoto ya krenkesi inang'aa kwenye jua kana kwamba ilitoka kiwandani jana.

"Kila Jumamosi anaitoa, anaipangusa, anaipaka oili, anairudisha chini ya kitanda," Nasambu anasema. "Hata tukikosa mafuta ya kupikia, ya hiyo hayakosi."

Wabwire anasema wanunuzi wa chuma chakavu hupita mlangoni pake kila siku na magunia yao. Aliambiwa auze. Hakuuza.

"Nilisema, huyu mtu amepoteza nyumba, acha aongee," anaeleza. "Lakini iliniuma. Iliniuma sana. Hao ni watu wenu! Sasa mimi watu wangu ni kina nani? Hicho kibanda kilikuwa cha wawili, mimi sikuunguliwa? Simu nayo nikanyang'anywa Machi, namba zote zikaenda. Tangu hapo sijashika spana. Pikipiki nitengeneze na nani?"

Na kwa nini asiende Kawangware?

"Huko nako walikuwa wanauliza watu majina njiani, wajue kabila. Sasa kumetulia, ni kweli. Lakini yeye ndiye alisema." Anaifunga nusu yake tena kwenye fulana. "Yeye ndiye aje."

Mwandishi, kwa nia njema na gari la ofisi likisubiri, akajitolea kumpelekea Kitheka nusu hiyo siku hiyohiyo. Wabwire alimtazama kama mtu aliyetukana kanisani.

"Wewe? Hapana. Hii haibebewi mtu. Mwambie iko. Mwambie sijaigusa."

Siku ya pili yake, Jumapili baada ya kanisa, Kongo kuna furaha. Kitheka anamwona mwandishi akiwa mbali, anainua mkono wenye kitambaa.

"Imekubali! Kuja uone! Imekubali!"

Anazungusha krenki. Inakwenda mzunguko mzima, laini, bila kukwama, na tena, na tena. Kamene anapiga makofi. Hata Wayua anatabasamu, cherehani au hakuna cherehani.

"Jana jioni nilichoka nayo," Kitheka anaeleza akihema. "Nimeipiga tupa kila mahali, bado inabana. Nikasema basi. Shida si ya huyu mgeni peke yake. Nikampunguza na mwenyeji."

Mwandishi anauliza: mwenyeji ni yupi?

"Yangu. Ya kulia. Nimeila uso wote, hapa mpaka hapa." Anapitisha kidole kwenye ukingo. "Sasa zimeelewana."

Hakukuwa na namna nzuri ya kumwambia. Mwandishi akamwambia: nusu ya kushoto ipo. Haikuuzwa. Imefungwa fulana chini ya kitanda cha Wabwire.

Kitheka anaacha krenki. Inamalizia mzunguko wake yenyewe na kusimama.

"Anaipaka oili?"

Kila Jumamosi.

"Hajaipiga tupa? Hata kidogo?"

Hajaigusa. Ndivyo alivyosema uambiwe.

Kitheka anaketi kwenye mtungi. Machozi yanamtoka wazi, mbele ya mkewe, mbele ya binti yake, mbele ya jirani anayeanua nguo, na hayafichi. Miezi yote hiyo mwenzake alikuwa akiitunza nusu yake ibaki kama ilivyokuwa. Yeye amekwenda kuikwangua ya kwake ifanane na ya mtu asiyemjua, na ameimaliza jana. Kama angesubiri hadi leo tu.

"Uso ukishaenda haurudi," anasema polepole. "Nikiiweka na ya Wabwire sasa, zitaacha nafasi. Itavuja."

"Si uende umwambie," anasema Wayua.

"Nimwambie nini? Huyo ataipitisha kidole mara moja tu, atajua kila kitu nilichofanya."

"Basi ajue." Wayua amepiga magoti kando yake. "Baba Kamene, si ajue tu? Yale maneno ya simu alishayajua. Hayo ndiyo yalikuwa mabaya, si hii."

Kwa jirani redio inacheza kwaya. Kitheka anachukua spana na kuanza kufungua bolti, moja baada ya nyingine, mpaka nusu ya Gikomba inatoka mkononi mwake. Anaiweka chini ya benchi. Anaipangusa ile ya kulia, anaukagua ukingo wake ulioliwa, anapumua kwa nguvu.

"Gasketi nene ingeziba," anasema, zaidi kwa nafsi yake. "Ikatwe vizuri. Ikatwe na mtu anayejua. Bado itavuja kidogo, hapa chini, na itavuja siku zote. Lakini mafuta yatabaki ya kutosha kufika Kitui."

"Na Busia," anasema Kamene.

"Na Busia."

Hajavuka Barabara ya Ngong kuelekea Kibera tangu asubuhi ile ya kujifanya kiziwi. Anakiri kwamba anaogopa. Hawaogopi vijana wa mawe, kwa sababu mawe yaliondolewa zamani. Anauogopa mlango mmoja wa mabati wenye magunia ya makaa mbele yake. Hata hivyo anasema atakwenda Jumamosi, siku ambayo fulana inafunguliwa. Atakwenda kwa miguu, na begi lilelile.

Wayua anamletea kitambaa safi cha kufungia nusu yake. Ni kipande cha sare ya shule, kilichobaki kutoka enzi za cherehani.

"Ukifika utaanza na neno gani?" anamwuliza.

Kitheka anafunga fundo, anakaza, anafikiri.

"Nimechelewa kazini tangu Januari," anasema. "Nitaanza na chai. Chai ni juu yangu."